Wenye kwadi Dodoma: kabla hujaagiza springi ngumu za klachi, pitia hapa

FundiWaKizota #1

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu ni kwa wenye kwadi za michezo (zile pikipiki za magurudumu manne) hapa Dodoma na majirani zetu wa Singida, pamoja na mafundi wenzangu mnaozifungua: Yamaha Raptor 700, YFZ450, Honda TRX400EX, Suzuki LT-Z400, hata Banshee za zamani kama kuna mtu bado anayo.

Linaloniuma ni hili. Kijana anaingia na mashine kwenye mchanga wa korongo, anafungua mafuta, injini inapiga resi hadi juu lakini kwadi haiongezi mwendo. Akirudi mjini anaambiwa aagize springi ngumu za klachi. Springi zinafika, zinafungwa, klachi inashika kwa muda, kisha inaanza tena kuteleza. Safari hii liva nayo imekuwa nzito, na ukifungua kava unakutana na pleti nyeusi zinazonuka kuungua. Hela imetoka mara mbili, ugonjwa uko palepale.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: springi ngumu ni za injini iliyoongezwa nguvu. Kama injini yako ni ya kiwandani na klachi inateleza, kuna kitu kimechoka au kimekosewa, na hicho ndicho cha kutafuta.

Klachi ya kwadi hizi ni ya pleti nyingi zinazolowa oili. Pleti za msuguano na pleti za chuma zimepangwa kwa kupishana, halafu springi zinasukuma presha pleti, yaani bamba linalozikandamiza, ili zote zibanane. Uwezo wa kushika unatokana na mambo manne: nguvu ya springi, msuguano kati ya nyuso, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazogusana. Pleti 7 za msuguano zinakupa nyuso 14. Upana na idadi viliamuliwa kiwandani. Kinachobaki kubadilika ni springi na msuguano, na hivyo viwili vinazidishana.

Chukua hesabu. Tuseme oili isiyofaa imekula robo ya msuguano, umebaki na asilimia 75 ya uwezo. Unafunga springi zilizozidi ugumu kwa asilimia 15, na seti nyingi zinazouzwa ziko kati ya 10 na 20. Unapata 0.75 mara 1.15, yaani kama asilimia 86. Bado uko chini ya siku mashine ilipokuwa mpya, ila mkono wako unabeba ile 15 yote.

Kiwandani klachi hupewa uwezo unaozidi nguvu ya injini kwa makusudi, ili ivumilie joto na uchakavu. Injini ya kiwandani haijiongezei nguvu yenyewe ikavuka ziada hiyo. Na wale wanaosema hewa na mazingira ya Dodoma ndiyo yanailemea klachi, wakumbuke tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inatoa hapa nguvu pungufu kwa kama asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Klachi iliyoshika Kigamboni inatakiwa ishike vizuri zaidi Bahi.

Kwa hiyo mimi naanza na oili. Oili ya injini ya kwadi hizi ndiyo hiyohiyo inayolowesha klachi, isipokuwa Banshee ambayo ni ya tu-stroki, pale klachi inaloweshwa na oili ya giaboksi. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2. Hiyo ni alama ya Kijapani ya oili za pikipiki zenye klachi inayolowa. JASO MB ina msuguano mdogo, ni ya skuta zisizo na klachi ya aina hii, iache. Oili za magari madogo, hasa nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Kwenye gari ni jambo jema, kwenye klachi yako ni sumu. Na oili ya kupima kutoka kwenye pipa siitaki kabisa, maana hakuna anayejua ndani yake kuna nini.

Pili ni waya wa klachi. Liva lazima iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kuvuta. Honda nyingi wanataka milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya liva, Yamaha huwa kidogo pungufu ya hapo, angalia kitabu cha mashine yako. Kama mchezo hakuna, ni sawa na kuendesha siku nzima huku umebonyeza klachi nusu. Hili ni la dakika chache na halina gharama.

Tatu, pleti. Hapa ndipo watu wengi hawafiki, kwa sababu inabidi kufungua kava. Pima unene wa kila pleti ya msuguano kwa venia (kile kipimo cha taya cha milimita), sehemu tofautitofauti, ulinganishe na kipimo cha mwisho kwenye kitabu. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba pleti zikiisha, springi nazo zinapoteza nguvu hata kama ni nzima. Tuseme pleti 7 zimeisha milimita 0.2 kila moja. Jumla ni 1.4. Kama springi zilikuwa zinabanwa milimita 10 wakati wa kufungwa, sasa zinabanwa 8.6. Umepoteza asilimia 14 ya mgandamizo bila springi kuguswa. Seti mpya ya pleti inakurudishia yote hayo, na liva inabaki laini.

Springi zenyewe ndizo za mwisho. Zitoe, zipime urefu zikiwa huru. Tofauti kati ya springi mpya na ya kutupa mara nyingi ni milimita 1 au 2 tu, kwa hiyo usipime kwa macho. Zikiwa zimechoka, weka mpya za kiwandani.

Uliza usichoelewa. Nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

---

MchangaWaBahi #2

Mkuu umenigusa kabisa. Nina Raptor 700, injini haijaguswa. Nimebadilisha matairi ya nyuma kutoka yale ya inchi 20 nikaweka ya 22 yenye meno marefu. Tangu hapo klachi inateleza nikiwa gia ya nne na ya tano kwenye mchanga. Gia ya kwanza na ya pili haina shida. Kuna mtu ameniambia matairi makubwa lazima yaende na springi ngumu. Ana haki?

---

FundiWaKizota #3

Mkuu, kuteleza kuanzia gia za juu ni dalili ya kawaida ya klachi iliyoanza kuisha, kwa sababu kule ndiko injini inakaa kwenye nguvu kubwa kwa muda mrefu na tairi halikubali kuzunguka bure. Gia ya kwanza tairi linachimba mchanga kabla klachi haijalemewa.

Kuhusu matairi: kinachopita kwenye klachi ni nguvu ya injini ikiwa imezidishwa na ile jozi ya gia iliyo kati ya injini na klachi, basi. Tairi liko baada ya klachi. Kuongeza tairi hakuongezi nguvu inayotoka kwenye injini. Ila kutoka inchi 20 kwenda 22 umeifanya gia iwe nzito kwa asilimia 10, hivyo kila ukianza kuondoka unaiachia klachi polepole, inasuguana muda mrefu, inapata joto. Joto hilo ndilo limezeesha pleti zako.

Badilisha sproketi ndogo ya mbele. Ukitoka meno 14 kwenda 13 unarudisha karibu asilimia 7, na sproketi ni rahisi kufunga kuliko springi. Halafu pima pleti. Na oili unayotumia ni ipi?

---

MchangaWaBahi #4

Oili ni ya gari, nilikuwa naletewa na jamaa wa gereji, 5W-30. Nimeangalia kopo sasa hivi, nyuma hakuna JASO yoyote.

---

FundiWaKizota #5

Hiyo imwage leo. Weka 10W-40 yenye JASO MA2, iendeshe kidogo, uimwage tena na uweke nyingine, kwa sababu pleti za msuguano zinanyonya oili na ile ya zamani haitoki yote mara moja. Pleti zikiwa hazijaungua zinaweza kurudi zenyewe. Zikiwa zimeungua, hakuna oili itakayoziokoa.

---

HomboloRider #6

Naomba nitofautiane na mleta uzi kidogo. Nina YFZ450, nilifunga springi ngumu na tatizo likaisha moja kwa moja. Mwaka wa pili huu hakuna kuteleza. Sasa ukisema hazisaidii unawanyima watu suluhisho.

---

FundiWaKizota #7

Mkuu sijasema hazisaidii. Nimesema zina mahali pake. Hebu tuambie, injini yako ni ya kiwandani?

---

HomboloRider #8

Hapana. Ina pistoni ya mgandamizo mkubwa, kamshafti nyingine, ekzosti kamili na imesetiwa upya mafuta. Na pleti nilibadilisha siku hiyohiyo nilipofunga springi.

---

FundiWaKizota #9

Basi wewe umefanya hasa kilichotakiwa, na nakupongeza. Nguvu ya injini imepanda, ziada ya kiwandani imeliwa, ukaongeza mgandamizo ili ziada irudi. Na umebadilisha pleti kwa pamoja. Kesi yako iko upande wangu.

Kuna wengine wawili ambao ningewakubalia springi ngumu hata kama injini ni ya kiwandani. Mmoja ni anayeshindana, yule anayeiachia klachi ghafla kwenye kuanza. Pale uzito wa kreki inayozunguka unatupa mshtuko unaozidi nguvu ya injini yenyewe kwa muda mfupi sana. Mwingine ni mwenye matairi ya makasia kwenye mchanga mzito, ambaye tairi lake halitelezi kirahisi, kwa hiyo kila mshtuko unarudi kwenye klachi. Hawa wawili wakiongeza asilimia 10 sina ugomvi nao, ila pleti na oili viwe sawa kwanza.

---

KijanaWaVeyula #10

Mimi fundi aliniwekea washa (kipete cha chuma) chini ya kila springi akasema ni sawa na kununua springi ngumu. Klachi ilishika kweli. Ila sasa kuingiza gia ni shughuli, na nikisimama nimebana liva mashine inataka kutembea yenyewe. Nyutro siipati hadi nizime.

---

FundiWaKizota #11

Acha kuiendesha hivyo mkuu. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu limeenea sana kwenye gereji zetu na lina hatari.

Washa inaibana springi zaidi wakati imepumzika, kweli unapata mgandamizo. Lakini springi ina nafasi maalumu kati ya mzunguko na mzunguko. Ukibana liva, presha pleti inarudi nyuma na springi inazidi kubanwa. Kama washa imekula nafasi hiyo, mizunguko inagusana kabla presha pleti haijaachia vizuri. Springi inakuwa kipande cha chuma. Pleti hazitengani, klachi inaburuta, ndiyo maana nyutro huipati na mashine inatambaa. Ukiendelea kuvuta liva kwa nguvu, kinachokatika ni waya, au mkono mdogo unaosukuma pusharodi, au nguzo za alumini zinazoshika bolti za springi. Nguzo hizo zikivunjika kipande kinadondokea kwenye gia.

Na gia zako zinaumia kila unapolazimisha. Toa washa zote. Kuna na wale wanaozivuta springi za zamani ili zirefuke, nao waache. Chuma kilichokwisha kuchoka kitarudi kilipokuwa baada ya kupata joto.

---

GutaLaNtyuka #12

Wakuu mimi sina kwadi, nina guta ya 200 nabeba tofali na maji. Kupanda Ntyuka nikiwa na mzigo klachi inaanza kunuka. Haya yote yananihusu?

---

FundiWaKizota #13

Yanakuhusu sana, mkuu, pengine kuliko wenye kwadi, kwa sababu yako ni ya kazi ya kila siku. Klachi yako ni ya aina ileile. Guta nyingi zina shafti na difu, kwa hiyo habari ya sproketi iache. Kwako muhimu ni oili ya JASO MA, mchezo wa waya, na jinsi unavyopanda. Ukishaingia mlimani ingia gia ya kwanza mapema, achia liva yote, vidole vitoke kabisa. Ule mtindo wa kushikilia mashine mlimani kwa nusu klachi badala ya breki ndio unaochoma. Ikishanuka, simama ipoe, na siku hiyohiyo ubadilishe oili, maana unga wa pleti zilizoungua unazunguka kwenye injini nzima.

Springi ngumu kwenye guta sikushauri. Utakuwa unabana liva mara nyingi kwa siku katikati ya foleni ya Majengo, mkono utakulaumu.

---

DadaWaMiyuji #14

Hapo kwenye mkono ndipo nilipotaka kuuliza. Nina TRX400EX, nilinunua ikiwa tayari imefungwa springi ngumu na mwenye nayo wa kwanza. Nikiendesha hadi Chenene narudi kiganja cha kushoto kimekufa ganzi. Nafikiria kuuza.

---

FundiWaKizota #15

Usiuze dada yangu. TRX400EX ni mashine ya kudumu, na injini hiyo ikiwa ya kiwandani haihitaji springi hizo hata kidogo. Rudisha za kiwandani, pima pleti, utaona liva inarudi kuwa ya vidole viwili.

Ila kabla ya springi, chomoa waya wa klachi pande zote mbili uujaribu kwa mkono. Vumbi la kwetu likiingia kwenye waya linaganda na grisi, msuguano wa waya peke yake unaweza kuifanya liva iwe nzito. Safisha, pitisha mafuta mepesi, paka grisi kidogo kwenye pini ya liva, na hakikisha waya haujapindwa vibaya karibu na usukani. Kama nyuzi zimeanza kukatika, nunua mpya. Nimeona watu wakilaumu springi kumbe waya umekauka tangu kiangazi kilichopita.

---

HomboloRider #16

Naongezea kwa dada: Banshee yenye springi 6 kuna watu hufunga 3 ngumu na 3 za kawaida kwa kupishana, liva inakuwa ya wastani. Kwenye mashine yenye springi 5 hiyo haiwezekani, kwa sababu presha pleti itabanwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

---

FundiWaKizota #17

Sahihi kabisa. Idadi ikiwa shufwa, zipishane. Ikiwa witiri, zote ziwe za aina moja.

---

MchangaWaBahi #18

Fundi nimebadilisha oili mara mbili kama ulivyosema. Imepungua kuteleza lakini gia ya tano bado kidogo. Naagiza pleti. Nataka kufunga mwenyewe, nipe utaratibu.

---

FundiWaKizota #19

Vizuri. Agiza seti kamili, pleti za msuguano pamoja na gasketi ya kava. Pleti za chuma utazikagua kwanza. Kama unapitia Kariakoo, peleka namba ya mashine na mwaka wake, usipeleke jina tu, kwa sababu YFZ450 na YFZ450R kwa mfano hazichangii kila kitu.

Pleti mpya za msuguano ziloweke kwenye oili ileile utakayoweka, usiku mzima kama una nafasi. Ukizifunga kavu zinaweza kuungua dakika za kwanza tu.

Klachi iko kulia. Kwadi unaweza kuilaza kidogo upande wa kushoto, ukaiegemeza imara, na hapo oili haimwagiki ukifungua kava. Mimi napendelea kuimwaga tu, maana tunabadilisha. Osha eneo lote kwanza. Mchanga wa Bahi ukiingia ndani ya injini utajutia kuliko hiyo klachi.

Bolti za springi legeza kwa msalaba, robo zungusho kila moja, usitoe moja yote kwanza. Toa pleti moja moja na uzipange mezani kwa mpangilio uleule, kwa sababu baadhi ya mashine pleti ya kwanza au ya mwisho ina upana tofauti na nyingine. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo na ujaribu kupitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Kitabu kitakwambia kiwango cha kupinda kinachovumilika, kwa kawaida ni kati ya milimita 0.1 na 0.3. Zikiwa na rangi ya bluu zilipata joto kali, usirudishe. Zikiwa tambarare lakini zimeng'aa, zipige msasa mwepesi zipate mkwaruzo.

Angalia hausingi ya klachi, yaani kikapu kinachobeba pleti, pale masikio ya pleti yanapogusa. Kama yamechimba vishimo, pleti zinanasa, klachi inashtuka au inaburuta. Vishimo vidogo unasawazisha kwa tupa. Vikubwa, hausingi mpya.

Wakati wa kurudisha, presha pleti ikae sawasawa kwenye meno yake, ukiona alama mbili zilingane. Bolti hizi ni ndogo, nyingi ni za milimita 6, zinataka kama Nm 8 hadi 10. Hapo ndipo nguzo nyingi huvunjwa, kwa sababu watu wanakaza kwa hasira. Tafuta spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), hata ya kuazima, na kaza kwa msalaba. Mabaki ya gasketi kwenye kava yatoe kwa kitu laini, alumini inakwaruzika na itavuja. Mwisho seti upya mchezo wa waya, kwa sababu pleti nene zinabadilisha mahali mkono wa klachi unapoanzia.

---

MchangaWaBahi #20

Nikimaliza nijaribu wapi? Barabara ya Kondoa sitaki kwenda nayo.

---

FundiWaKizota #21

Barabara kuu hapana, ina malori. Tafuta tambarare ngumu isiyo na watu, vaa helmeti. Iache injini ipate moto kwanza, klachi inayoteleza hujificha ikiwa baridi. Nenda gia ya tatu mwendo mdogo, fungua mafuta yote ghafla na usikilize. Resi na mwendo viongezeke pamoja. Resi ikiruka mbele peke yake, bado. Rudia gia ya nne. Ukisimama, bana liva, angalia kama nyutro inaingia bila kulazimisha.

Ikiteleza na pleti ni mpya na oili ni sahihi, pima springi zile za zamani kabla ya kufikiria chochote kingine, na weka vipimo hapa tuone.

---

MchangaWaBahi #22

Sawa fundi. Venia nimeshaazima. Pleti zikifika nafungua, na vipimo vya zile za zamani nitaviweka hapahapa.